Ndoana na Samaki wa Wadi



Tulitoka Ibra na wajukuu kwenda Wadi Bani Khalid, na mmoja wao akaja na mshipi na ndoana. Tulimwambia avirudishe garini. Samaki wa mabwawa yale hukua kadiri ya kidole tu, nao hula mwani ulioota juu ya mawe; si kitoweo. Lakini hawapatikani popote duniani ila katika milima ya Oman na Falme za Kiarabu. Jamaa zao waishio gizani katika pango la Al Hoota, karibu na Al Hamra, hawana hata macho.

Mwenzetu mmoja akashauri tuwatie perege humo, wakizaana watoto wapate cha kuvua. Nia yake njema, ila ilitukumbusha Ziwa Viktoria. Sangara alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960 ili kitoweo kiongezeke; kufikia miaka ya 1980 aina nyingi mno za furu zilikuwa zimetoweka. Ikiwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika halikuhimili mgeni yule, bwawa la wadi litahimili nini?

Mwenye hamu ya kuvua na aende Sur, bahari ipo. Ila nguru amwache tangu 15 Agosti hadi 15 Oktoba, kwani sheria imempa nafasi ya kuzaa.

Samaki wa wadi tumewakuta. Tuwaachie na wajukuu wawakute.