Kabla ya kulaumu netiweki

Mchuuzi wa ndizi hapa Keroka anajaza fomu ya kibali kwenye simu. Anafika mahali pa kupiga picha ya kitambulisho, kamera inafunguka, anapiga, anarudi kwenye fomu na kukuta imeanza upya, tupu. Atasema netiweki ni mbaya. Netiweki haina kosa hapo. Kamera ilipofunguka, simu iliishiwa kumbukumbu, na Android ikaizima programu ya fomu iliyokuwa nyuma ili ipate nafasi. Haimwombi mtu ruhusa.

Simu za bei nafuu ndizo zinazoumia. Google ilileta Android Go mwaka 2017 kwa simu zenye RAM ya GB 1 au chini, na kufikia Android 13, mwaka 2022, ikapandisha kima cha chini hadi GB 2. Anayeunda programu huijaribu kwenye simu yake mwenyewe yenye GB 8, anaona inateleza, anaikabidhi, analipwa.

Dawa ipo, tena ni ya bure. Tangu Android 10, mwaka 2019, mfumo wa Perfetto una kifaa kiitwacho heapprofd. Programu inapoomba kumbukumbu, kifaa hiki huchukua sampuli ya maombi hayo na kuandika kila moja lilipita njia gani: kazi (kipande cha msimbo) ipi iliita ipi, hadi lile ombi la mwisho. Mlolongo huo wa miito ndio wenye faida. Kujua kwamba malloc, kazi ya msingi ya kuomba kumbukumbu, imechukua MB 400 hakusaidii, kwa sababu karibu kila ombi huishia kwa malloc. Ni kama ushuru wa hapa Keroka. Soko letu limekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, na kaunti hizi mbili zimevutana kuhusu ushuru wake tangu ugatuzi uanze. Mchuuzi mwerevu hapa hamwulizi karani anataka shilingi ngapi pekee. Anamwuliza ametumwa na nani.

Chukua ile picha ya kitambulisho. Kamera ya megapikseli 12 hutoa faili ya MB chache. Programu ikiifungua yote, kila pikseli hula baiti 4, na picha moja inakuwa MB 48. Weka picha kumi kwenye orodha, umefika MB 480, kwenye simu ya GB 2 ambayo mfumo wenyewe umeshajichukulia sehemu kubwa. Ukiufuata mlolongo kutoka chini kwenda juu, unapita kwenye kazi ya kufungua picha, ambayo haina hatia, unafika kwenye skrini ya orodha iliyoitisha picha za ukubwa kamili ili zionyeshwe kama vijipicha. Ukipunguza upana na urefu hadi robo, kila picha inashuka hadi MB 3. Ni mstari mmoja au miwili ya msimbo.

Kifaa chenyewe kinataka akili. Kazi iliyoomba kumbukumbu nyingi na kuirudisha papo hapo haina neno. Ya kuandamwa ni ile iliyoshika na haiachi. Halafu programu nyingi zinazotolewa kwa umma huwa zimeondolewa majina ya kazi zake, kwa hiyo ripoti hutoka na anwani za tarakimu tu. Mwenye faili za majina hayo ni mkandarasi. Akiondoka nazo, kaunti imebaki na programu isiyoweza kuchunguzwa na mtu mwingine.

Tunaziambia kaunti zote mbili: kila zabuni ya programu ya simu itaje simu ya kujaribia, isizidi GB 2. Mkandarasi akabidhi faili za majina pamoja na msimbo, na alete ripoti ya kumbukumbu yenye mlolongo wa miito, iliyochukuliwa wakati fomu inajazwa na picha inapigwa. Idara zikikosa wa kuisoma, wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kisii wako karibu. Ripoti hiyo iambatanishwe na ankara ya mwisho. Isipokuwepo, malipo yasubiri.