Mkutubi Hajapitwa na Wakati: Majibu kwa Madai Manne

Bajeti ya chuo ikibanwa, mkutubi huwa wa kwanza kuulizwa ana kazi gani. Hapa Amu (Lamu) nasikia madai manne dhidi yake, na yote yana majibu.

"Kila kitu kiko Google." Mwanafunzi wa uuguzi akitafuta makala kuhusu malaria kwa wajawazito, mara nyingi huoneshwa muhtasari tu, kisha hudaiwa dola. Huenda makala hiyo hiyo inasomeka bure katika hifadhi ya mtandaoni ya PubMed Central, au kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002 kwa ajili ya nchi zisizo na uwezo mkubwa. Lakini Hinari husajili taasisi, si mtu mmoja mmoja, na kwa kawaida nywila hukaa maktabani. Asiyemwendea mkutubi atalipa au atakata tamaa.

"Hayo ni mambo ya vyuo vya Nairobi." Maktaba za Kenya ziliungana mwaka 2003 zikaunda umoja uitwao KLISC, ili zilipie majarida kwa pamoja. Chuo kidogo ndicho kinachofaidika zaidi na umoja wa namna hiyo. Ni kweli mtandao visiwani husuasua na umeme hukatika. Basi hapo ndipo mkutubi anapohitajika. Hupakua makala za kozi mapema, huweka Wikipedia ndani ya kompyuta kwa programu ya Kiwix isomeke bila intaneti, na huwagawia wanafunzi kwa flashi.

"Wahadhiri ni wasomi, wafunzwe nini?" Kubobea katika fani si kulijua soko la majarida. Wahadhiri hupata baruapepe zinazoahidi kuchapisha makala kwa siku chache, mradi ada ilipwe. Mkutubi hulitafuta jarida hilo katika DOAJ, orodha ya majarida yanayosomeka bure, huwachunguza wahariri wake na huuliza makala hupitiwa na nani. Hayo yafanyike kabla ya pesa kutoka.

"Miswada yetu imeshapigwa picha, kazi imekwisha." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa hapa Amu, alioasisi Habib Saleh, imepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Kazi za mkono za Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi wa hati wa Amu, zimo katika chuo cha SOAS, London. Jaribu kuzitafuta: Riyadha huandikwa pia Riyadh au Riyada, Saleh huwa Salih, Kijumwa huwa Kijuma. Ukiandika tofauti na orodha za maktaba hizo, waweza kuambiwa hakuna kitu. Mkutubi anayezijua koo, mitaa na hati ya Kiarabu ndiye atakayemfikisha mwanafunzi kwenye ukurasa anaoutaka. Tena Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Nakala za urithi wetu ziwekwe Amu pia, na awepo wa kuzitunza.

Kwa hiyo vyuo vyetu viajiri wakutubi waliosomea kazi hii, viwape kipindi katika ratiba ya muhula wa kwanza, na viwaketishe pamoja na wahadhiri kozi zinapopangwa. Majarida yaliyolipiwa na miswada iliyopigwa picha havimfaidii mwanafunzi asiyejua pa kuvipata.