Tiba ya kurejesha nguvu Uchina na hatima ya punda wa Mitunguu

KABLA ya malori ya kuelekea Nairobi kupakia ndizi katika soko la Mitunguu, Imenti Kusini, punda huwa wamekwisha kufanya sehemu yao ya kazi. Wao ndio huvuta mikokoteni yenye mikungu kutoka mashamba ya kunyunyizia maji hadi barabarani. Upande wa Tharaka, kunakozidi ukame, mnyama huyo huyo hubeba mitungi ya maji ambayo pasipo yeye ingebebwa na wanawake migongoni.

Ni wachache sokoni humo waliopata kusikia neno qi. Hata hivyo, bila ya kulielewa neno hilo ni vigumu kufahamu kwa nini ngozi ya punda ilipata wanunuzi waliotoka mbali kiasi kile.

Katika tiba ya jadi ya Uchina, qi ni nguvu ya uhai inayopita mwilini kwa njia zake maalumu. Qi husukuma damu, nayo damu huilisha qi. Kimoja kikipungua, kingine hudhoofika. Mgonjwa huona uchovu usioisha, kizunguzungu, uso kupauka na pumzi kuwa fupi. Mganga basi humwandalia sindano, mizizi au chakula cha kujenga upya kilichopotea.

Dhana hiyo si ya kuchekwa. Mama aliyejifungua Meru hupewa uji wa wimbi kwa nia iyo hiyo. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza upungufu wa qi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, ingawa lilieleza kwamba kuorodhesha si kuthibitisha kuwa tiba inaponya.

Miongoni mwa dawa hizo ni ejiao, gundi itokanayo na ngozi ya punda iliyochemshwa, ambayo chimbuko lake ni Dong'e katika jimbo la Shandong. Husifiwa kwa kuongeza damu, hasa kwa wanawake. Zamani ilihusishwa na watu wa jumba la kifalme. Siku hizi tabaka la kati, lenye fedha na wasiwasi wa uzee, huinunua kama kitoweo na kipodozi. Ushahidi wa kisayansi kwamba inafanya kazi ungali hafifu. Kwa mintarafu ya upungufu wa damu, mja mzito wa Mitunguu hupewa kliniki tembe za madini ya chuma, na hakuna punda anayechinjwa.

Uchina ilikuwa na punda takriban milioni 11 mwaka 1992. Kufikia 2019 walibaki kama milioni 2.6. Punda hubeba mimba kwa karibu mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, hivyo hawezi kufugwa kwa kasi ya kuku. Ndipo macho yakageukia Afrika.

Kenya ilifungua machinjio manne, yakiwemo ya Mogotio na Naivasha. Taasisi ya Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) iliripoti mwaka 2019 kwamba punda 301,977 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Wizi ukashamiri, wenye mifugo waliamka kukuta mizoga iliyochunwa vichakani. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata milioni 1.2 hivi.

Watetezi wa biashara hiyo walitaja ajira na bei nzuri, na si hoja ya kupuuzwa. Lakini ngozi hulipiwa mara moja tu, ilhali aliyemuuza punda wake hulazimika kulipa bodaboda kila mkungu uendapo sokoni.

Februari 2020, Waziri wa Kilimo Peter Munya, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Meru, alipiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021, Mahakama Kuu mjini Naivasha ilibatilisha agizo hilo baada ya mmoja wa wenye machinjio kushtaki. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafiki kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Azimio hilo halijitekelezi lenyewe. Kila nchi sharti ilitie katika sheria zake, na yaliyotukia Naivasha yaonyesha jinsi agizo la waziri lilivyo jepesi mbele ya hakimu. Kinachohitajika ni sheria ya Bunge, pamoja na ukaguzi wa ngozi mipakani na bandarini. Shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilikadiria mwaka 2024 kwamba kiwanda cha ejiao duniani humeza ngozi milioni 5.9 kila mwaka. Kwa mahitaji ya namna hiyo, mwenye punda mmoja Mitunguu hana budi kuendelea kumfungia usiku karibu na mlango wa nyumba.