"Niko tu" si jibu

Uliza msee yeyote hapa Kawangware yuko aje. Utapata jibu moja kati ya mawili: "niko poa" ama "niko tu." La kwanza ni salamu. La pili ndilo nataka tuongelee leo, juu kuna watu wameishi ndani ya "niko tu" miezi sita, mwaka, na hakuna mtu amewahi kuwauliza swali la pili.

Maoni yangu ni haya. Vijana wa Nairobi tunaanza therapi tukiwa tumechelewa. Si ati hatujui iko. Tunajua, hadi tunaifanyia mzaha: msee akikasirika kidogo tunamwambia "wewe unahitaji therapi." Shida ni kwamba tumejiwekea kipimo kibaya. Tunadhani therapi ni ya mtu ambaye ameanza kuokota makaratasi barabarani. Bora bado unaweza kuamka, kupanda mathree hadi tao na kurudi, unajiambia uko sawa.

Lakini mwili hatuufanyii hivyo. Ukiwa na homa siku tatu, mathe mwenyewe atakufukuza kwa nyumba uende Riruta Health Centre upimwe. Hawezi kukuambia ungoje uzimie kwanza ndio ujue ni serious. Mbona akili tunaiambia ingoje?

Kwa hivyo kipimo kizuri ni gani? Kwangu ni vitu viwili: muda na hasara.

Muda kwanza. Kuna fomu fupi ya maswali 9 ambayo madaktari hutumia, hapa Kenya na kwingine duniani, na iko hata kwa Kiswahili. Inakuuliza kuhusu wiki mbili zilizopita: umekosa raha ya vitu mara ngapi, usingizi uko aje, unakula aje, unaweza kutulia na kitu kimoja, unajiona huna maana. Siku mbaya si ugonjwa. Kuachwa na dem wikendi na kulia hadi Jumatatu si ugonjwa, ni maisha. Lakini ikiwa siku nyingi za wiki mbili zimepita hivyo, hiyo si mood tena. Na hiyo fomu haikupi jibu la mwisho, inakuambia tu ni wakati wa kuongea na mtu anayejua hiyo kazi.

Hasara ndiyo watu husahau. Jiulize hii kitu imekuchukulia nini. Ulikuwa unacheza mpira kila Jumapili na sasa hata viatu hujui ziko wapi. Ulikuwa unaimba kwa kwaya. Ulikuwa unajibu simu ya dadako, sasa unaangalia ikilia hadi inyamaze. Unalala saa nane usiku na simu mkononi, si juu kuna kitu unaangalia, ni juu ukizima unabaki na mawazo yako. Kazi unaenda, lakini unarudia kitu moja mara tatu.

Mimi nilianza baada ya kumzika babangu. Matanga yaliisha, watu wakarudi kwao, na nikaendelea kuamka saa tisa usiku kila siku, kwa miezi miwili. Sikuwa nalia. Nilikuwa tu nakaa kitandani nikihesabu deni la hospitali, halafu asubuhi naenda kushuti video za kuchekesha. Nilienda kuona kaunsela juu nilikuwa nimechoka kuchekesha watu nikiwa nimelala masaa matatu. Hiyo ilitosha kuwa sababu. Huhitaji stori kubwa kuliko hiyo.

Na wanaume wenzangu, kwetu mara nyingi haiji kama machozi. Inakuja kama hasira. Msee anataka kupigana na konda juu ya chenji ya kumi. Inakuja kama keg ya kila jioni, ama muguka kutoka asubuhi. Mtaa unasema "huyo amekuwa mkorofi." Labda. Ama labda ni mtu ambaye hajalala vizuri tangu afutwe kazi na hajui kuna jina la hiyo kitu.

Najua mtasema nini. Ya kwanza: hiyo ni mambo ya wazungu. Sasa sikia. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda alianza kufunza shosho wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa na watu kwa benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kupanga shida zao moja moja. Alikuwa amempoteza mgonjwa wake aliyekosa nauli ya kufika hospitalini. Waliita mradi huo Friendship Bench. Hata jina la ugonjwa hawakuazima Ulaya, walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiria sana. Si hilo ndilo neno letu pia? "Huyo anafikiria sana." Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwa hiyo benchi walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hao ni shosho. Hakuna mzungu hapo.

Ya pili: si uombe tu. Omba. Mimi pia naomba. Pasta mzuri atakuombea na atakuambia uende hospitali, venye angekuambia ukivunjika mguu.

Ya tatu: niko na mabeshte. Poa sana, usiwaache. Lakini beshte yako ako na yake, na kuna vitu huwezi kumwambia juu mnajuana na watu walewale. Kaunsela hajui ex wako, hatawahi kumkuta steji ya 46, na amesomea kunyamaza.

Ya nne ndiyo ya ukweli: doo. Kaunsela wa private Nairobi anaweza kukuitisha elfu kadhaa kwa saa moja, na hiyo ni rent ya watu wengine hapa Ngando. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Lakini anza na hospitali za umma. Kenyatta wako na idara ya afya ya akili. Mbagathi ama Mutuini, uliza kama kuna kliniki na ni siku gani. Mathari pia ina kliniki ya watu wanaokuja na kurudi nyumbani siku hiyohiyo, hakuna mtu anakufungia. Najua hilo jina limetumika kama tusi tangu tukiwa primary. Hospitali hiyo ilianza 1910, na sisi bado tunatishana nayo. Ukiwa chuoni, uliza ofisi ya ushauri, mara nyingi ni bure. Na ukipata wa private, muulize kama amesajiliwa. Tuko na sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014, kwa hivyo ni haki yako kuuliza.

Kuna kitu kingine lazima niseme. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya, kifungu cha 226, ilisema mtu aliyejaribu kujiua ni mhalifu, na angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Fikiria mtu anataka kusaidiwa na anaogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo ikiwa mawazo ya kutotaka kuishi yamekuja, hata mara moja, hapo hatuhesabu wiki mbili. Hapo ni leo. Ambia mtu mzima unayemwamini, piga 1199 ya Red Cross, ni bure. Kama hujafika miaka 18, piga 116. Ama nenda hospitali iliyo karibu, mwambie beshte akusindikize.

Kwa wengine wetu ambao hatujafika huko, kazi ya wiki hii ni ndogo. Kaa chini, andika kwa simu vitu vitatu ambavyo ulikuwa unapenda kufanya na umeacha, na uandike uliacha lini. Ukiona tarehe zinakaribiana, hiyo orodha ndiyo utamsomea kaunsela siku ya kwanza. Huhitaji kujua useme nini kingine. Yeye ataendelea kutoka hapo.

Na ukiwa na beshte wa "niko tu," muulize swali la pili. Halafu nyamaza, umsikize.