Pengo la Mapato Halipimwi kwa Makisio

Tangu Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, suala la tofauti ya mapato baina ya wananchi limejadiliwa mara nyingi kuliko lilivyopimwa. Waliopimwa barabara ni wenye mishahara. Hesabu zilizotolewa Azimio lilipotimiza miaka kumi zilionyesha kwamba mshahara wa juu katika utumishi wa umma, uliokuwa kama mara 50 ya kima cha chini wakati wa Uhuru, ulikuwa umeshuka hadi kama mara 9. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini wenye mishahara walikuwa wachache, na mkulima, ambaye mahindi yake hutoka shambani yakaingia ghalani bila kupita katika daftari lolote, hakuwamo kabisa katika hesabu hiyo.

Ili kumfikia mkulima huyo hapana budi mdadisi aende nyumbani kwake, aandike kinachonunuliwa na kinacholiwa, pamoja na kile kilicholimwa na wenye nyumba wenyewe. Ndiyo kazi ya utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Tanzania Bara ilifanya utafiti wa namna hiyo mwaka 1969, na tena mwaka 1976/77. Uliofuata ulifanyika mwaka 1991/92.

Miaka kumi na mitano! Katika kipindi hicho nchi ilipigana vita vya Kagera, bidhaa zikaadimika madukani, ulanguzi ukashamiri, Serikali ikaafikiana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na milango ya biashara huria ikafunguliwa. Ni dhahiri kwamba wapo walioinuka na wapo waliodidimia. Nani hasa, na kwa kiasi gani? Utafiti wa kaya wa kulijibu swali hilo mwaka hadi mwaka haukuwapo, na mtu hawezi kurudi leo kuhesabu kilichokuwa chunguni mwaka 1984.

Baadaye hali ilitengemaa. Tafiti zilifanyika mwaka 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18, na hizi mbili za mwisho zilionyesha umaskini wa mahitaji ya msingi ukishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Hata hivyo, tarakimu hiyo hutumiwa mno kujibu swali lisilo lake. Inaeleza ni wangapi walio chini ya mstari wa umaskini. Haisemi neno juu ya aliye mbali juu yake.

Na huyo ndiye asiyeonekana. Utafiti wa 2017/18 ulihusu kaya zaidi kidogo ya 9,000 katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 50. Matajiri wakubwa ni wachache, hivyo ni nadra sampuli kuwaangukia. Na ikiwaangukia, mdadisi huenda akaishia kwa mlinzi wa getini. Isitoshe, kinachopimwa hasa ni matumizi. Maskini hutumia karibu yote anayopata. Tajiri hula sehemu ndogo tu. Iliyobaki hununua viwanja, hujenga nyumba za kupangisha, huweka benki. Kwa hiyo pengo linaloandikwa katika taarifa ni dogo kuliko lile lililopo mitaani.

Mshahara wa mwalimu unajulikana hadi senti ya mwisho, na kodi yake hukatwa kabla hajaugusa. Mwenye nyumba anayempangisha mwalimu huyo anaweza kupokea pango la miezi sita kwa mkupuo bila mtu wa tatu kujua. Haifai kipimo cha taifa kimwone mmoja na kumpita mwingine. Kumbukumbu za kodi, za ardhi na za makampuni zimo tayari mikononi mwa Serikali. Zikiondolewa majina na kukabidhiwa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, zitajaza sehemu ya juu ambayo utafiti wa kaya hauifikii. Siri ya mtu binafsi inalindwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015.

Sheria hiyo hiyo ilirekebishwa mwaka 2018 na kuweka adhabu kwa wanaotangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 kifungu hicho kililegezwa, na ilikuwa busara. Kazi iliyobaki ni kupanga mwaka wa kila utafiti mapema, kuutengea fedha katika bajeti, na kutousogeza mbele kila fedha zinapopungua.