Kukaza skrubu siyo kutengeneza steringi

Leo nabishana na mafundi kidogo, habari ya hizi Land Rover 109 za zamani. Steringi ikianza kucheza, fundi anakaza skrubu ya boksi, anakwambia "tayari bosi". Jamani, huko ni kudesa tu! Mtihani umefaulu, kichwani hamna kitu.

Sababu ni hii. Gari muda mwingi linanyoosha moja kwa moja, kwa hiyo boksi linalika zaidi pale katikati. Ukikaza mpaka katikati patulie, kwenye kona ambako hapajalika sana steringi inakuwa nzito, inaweza hata kugoma kurudi yenyewe. Mteremkoni hiyo ni ajali.

Mimi naona hivi: kwanza kagua tairodi na maungio ya nje. Yakiwa mazima, fungua boksi. Shafti ikiwa laini, badili gololi, beringi na sili, jaza oili, basi. Ikiwa na vishimo, badili boksi zima. Ila la mtumba nalo lifunguliwe kabla hujalipa, maana 109 za mwisho zilitengenezwa 1985, limezeeka vilevile.

Mnasemaje wadau?