Huruma Inataka Zamu

Kila Desemba vituo vya kulea yatima hujaa wageni. Sukari, sabuni na mchele hushushwa kwa magunia, picha hupigwa, watu hurudi makwao wameridhika. Ikifika Februari, hakuna anayebisha hodi. Ndiyo maana toleo hili tumempa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, padre Mfaransa aliyekumbana na tatizo hilihili zaidi ya miaka 400 iliyopita.

Agosti 1617, akiwa paroko wa Châtillon, alipashwa habari kabla ya Misa kwamba kuna familia nje ya mji iliyougua nyumba nzima, hakuna wa kumuuguza mwenzake. Akaitaja katika mahubiri. Alasiri alipokwenda kuwatazama, alikuta njia imejaa wanawake, hawa wanakwenda na vyakula, wale wanarudi. Chakula kilizidi mno: kingine kingeoza, na baada ya siku chache wagonjwa wangelala njaa. Huruma ilikuwapo tele. Kilichokosekana ni utaratibu.

Siku chache baadaye aliwakusanya wanawake hao, wakapangiana zamu. Kanuni aliyowaandikia mwaka huohuo haikuacha jambo: mhudumu amsalimu mgonjwa kwa uchangamfu, atandike kitambaa, aweke kikombe, kijiko na mkate, amnawishe mikono, aombe, ndipo ampakulie. Aanze na wagonjwa wenye ndugu, amalizie na wasio na mtu, apate kukaa nao zaidi.

Imani ya Vinsenti ilikuwa humo, katika kunawisha mikono. Mabinti wa Upendo, shirika la wanawake wa kuhudumia maskini aliloanzisha pamoja na Louise de Marillac mwaka 1633, aliwafundisha kwamba maskini akiwaita wakati wa sala, waende bila wasiwasi, kwa kuwa huko waendako pia Mungu yuko.

Wapo wanaodai kwamba ratiba na daftari hupoza moyo wa kutoa. Hoja hiyo tunaikataa, kwa kuwa mwanzilishi wa zamu za Châtillon ndiye ambaye Papa Leo XIII alimtangaza mwaka 1885 kuwa msimamizi wa vyama vya matendo ya huruma.

Basi, jumuiya yenu inapochangishana mwaka huu, msiishie kwenye kiasi kilichopatikana. Andikeni nani atakwenda kwa nani, mwezi gani, na nani atakaa na mgonjwa asiye na ndugu.